Buti za Kanada

Kila baridi kali ilipokwisha, Bi. Tranmer alimwita jirani yake mvuvi, Mzee Medforth, aje kung'oa uzio wa bustani na kuusogeza ndani. Bustani yake iliishia kwenye genge la udongo, na chini ya genge ilikuwa bahari, ng'ambo yake Uholanzi, na bahari ile ilikuwa haishibi. Nilipokuwa mdogo kabisa kulikuwa na mtofaa karibu na dirisha la jikoni, wenye matofaa machachu yasiyolika. Baadaye mtofaa ukawa upande wa pili wa uzio. Kisha mwaka mmoja tukafika na hatukuuona. Nikamuuliza umekwenda wapi.

"Umekwenda Uholanzi," akanijibu, huku akimenya viazi. "Na wala haukuaga."

Huyo ndiye Bi. Tranmer wa Skelby, pwani ya mashariki ya Yorkshire, na nataka kusimulia habari zake kwa sababu nyumba yake haipo tena na sisi tuliomjua tumebaki wachache, nusu yetu tunakohoa. Hakuwa mtu wa kuandikwa magazetini. Alikuwa mwanamke mfupi, mwenye mikono mikubwa, aliyekodisha vyumba kwa watu wa likizo na kulala mwenyewe kwenye kibanda cha kufulia nguo kiangazi chote ili wageni wapate vitanda vyote vya nyumba.

Sisi tulitoka Otterfold, mji wa viwanda vya sufu. Mwezi wa nane viwanda vyote vilifungwa kwa wiki moja, mabomba ya moshi yakanyamaza, na mji mzima ukahamia pwani kwa pamoja. Ukienda kuogelea unamkuta mwalimu wako. Ukienda kununua aiskrimu unamkuta mama wa jirani mliyegombana naye kwa sababu ya kamba ya nguo. Baba yangu, Arnold Sugden, alizoea kusema kwamba tunasafiri kutwa nzima kwenda kukaa na majirani zetu penye upepo mkali zaidi. Alisema hivyo kila mwaka tukiwa bado kwenye treni, na kila mwaka mama alicheka kama vile ni mara ya kwanza.

Na upepo ulikuwepo kweli. Tuliketi mchangani nyuma ya pazia la turubai, tumevaa makoti, mdogo wangu Trevor ana midomo ya buluu, na mama anasema, "Hewa safi hii! Vuteni, vuteni!" Tuliivuta. Tulikuwa tumeilipia.

Utaratibu wa nyumba za wageni siku zile ulikuwa hivi: asubuhi kila familia inakwenda dukani kununua chakula chake, inakileta, na mwenye nyumba anakipika. Stoo ya jikoni kwa Bi. Tranmer ilikuwa na rafu, na kila familia ilikuwa na rafu yake. Soseji za akina Sugden zilikuwa za akina Sugden. Nilipokuwa na miaka minne hivi nyumba ilikuwa na familia nne, na yeye peke yake, kwenye jiko moja la makaa, alizipikia zote, na haijatokea hata mara moja nyama ya huyu ikaingia sahani ya yule. Ila jikoni wageni hawakuingia. Hakuna aliyekatazwa, lakini ilikuwa inajulikana. Tuligonga mlango, tukapewa maji ya moto kwenye jagi, tukaondoka.

Miaka ikaenda na rafu zikaanza kubaki tupu. Familia moja ilikwenda kwenye kambi za likizo zenye muziki na mabwawa ya kuogelea ya maji ya uvuguvugu. Nyingine ikapanda ndege kwenda Uhispania, ikarudi Otterfold na ngozi zilizobabuka na maringo yasiyovumilika. Mwishowe ikabaki rafu yetu tu.

Kitu kimoja alichotupa bila kutulipisha ni keki. Saa kumi alitukaribisha chai sebuleni, naye akaketi nasi, na katikati ya meza pakawa na keki ya kisibiti aliyoioka mwenyewe. Sijala keki nzuri kama ile tena. Sasa, lazima niwaeleze jambo moja kuhusu watu wetu, vinginevyo hamtaelewa lolote katika yatakayofuata. Kipande cha mwisho hakiliwi. Kila mtu anakitaka, kila mtu anakitazama, na kila mtu anamsukumia mwenzake.

"Malizia wewe, Bwana Sugden."

"Mimi? Nimeshiba mpaka hapa. Mpe Bibi mwenyewe."

"Aa, mimi keki nazila kutwa. Mama Maureen?"

"Nikila kingine nguo itapasuka!"

Basi kinabaki. Kinakauka. Asubuhi Bi. Tranmer anafungua mlango wa jikoni na kuwatupia shakwe, wale ndege weupe wa baharini, ambao hawana adabu na kwa hiyo ndio walionona kuliko viumbe wote wa Skelby. Nilichukia sana jambo hili nikiwa mtoto. Nalichukia hadi leo.

Mume wa Bi. Tranmer, Walter, alikuwa mchukuzi wa mizigo pale stesheni ndogo ya Skelby. Siku moja alianguka akiwa ameshika sanduku la mtu, na mwenye sanduku alikaa naye hadi alipokata roho, akachelewa treni. Bi. Tranmer alimsifu mtu yule kwa hilo mara nyingi kuliko alivyowahi kulalamika kwa kufiwa. Alibaki na mtoto mmoja, Ken. Ndipo akaanza kukodisha vyumba. Ken akakua, akaenda vitani, akarudi salama, lakini Skelby ikawa imembana. Akavuka kwenda Kanada kulima ngano, akaoa huko, akapata binti aliyeitwa Lorraine. Bi. Tranmer alikuwa hajamwona mkwe wala mjukuu ila kwenye picha. Ken mwenyewe mara ya mwisho alimwona mgongo, anapanda treni kwenye jukwaa lile lile alilofia baba yake.

Kando ya kabati la vioo sebuleni zilisimama buti. Ken ndiye aliyezituma mwaka wake wa kwanza huko: buti ndefu za ngozi ya kondoo, manyoya ndani, nene ajabu. Zilikuja na maneno kwamba sasa mama hana tena kisingizio cha baridi. Alizipangusa kila Jumamosi, hakuzivaa. "Nitazivaa siku ya kwenda," alisema. Siku za mvua alituruhusu mimi na Trevor kutia miguu humo. Nilikuwa nikizama hadi mapajani, nikajiona nimesimama ndani ya kondoo.

Kila mwaka Ken alimwita. Alimtaka aende kiangazi, kwa sababu majira ya baridi ya kule yangemuua mtu wa umri wake, na mavuno yakianza yeye Ken asingepata nafasi hata ya kumtazama usoni. Safari ya meli, kukaa kidogo, na safari ya kurudi, vingemaliza kiangazi chote. Na katikati ya kiangazi tulikuwa tumekaa sisi, akina Sugden, na rafu yetu ya soseji.

Mwaka niliokuwa na miaka tisa mvua ilinyesha karibu wiki nzima. Kuta za nyumba ile zilikuwa nyembamba. Nilikuwa nimelala chali nikihesabu madoa ya unyevu darini, na chumba cha pili nikamsikia baba.

"Mama," alisema. Alimwita mama yangu mama, kama wanaume wote wa mtaani kwetu. "Hivi mwakani tusingejaribu Skotlandi? Mara moja tu."

Baba alikuwa na mfuniko wa bati la biskuti wenye picha ya milima ya Skotlandi, maji chini, wingu juu. Aliupigilia msumari juu ya benchi lake la kazi. Alikuwa hajawahi kuona mlima maishani mwake.

"Arnold, na huyu mjane je?" mama akasema. "Wote wamemkimbia. Tumebaki sisi. Tukimwacha na sisi si atakufa kwa majonzi?"

"Nilikuwa nauliza tu."

"Mimi mwenyewe ningependa. Nimechoka na huu upepo, sikufichi. Lakini siwezi kumfanyia hivyo."

"Basi," akasema baba.

Baadaye kidogo nikatumwa maji ya moto. Mlango wa jikoni ulikuwa wazi kidogo. Mzee Medforth alikuwa ameleta kaa, amesimama na ndoo yake, anachuruzika maji sakafuni.

"Nenda, we mwanamke!" alikuwa akisema. Sauti yake ilikuwa ya mtu aliyezoea kuongea na upepo. "Kijana anakuita kila mwaka. Unangoja nini, nyumba iende Uholanzi na wewe ndani?"

"Na hawa je? Nawafungia mlango?"

"Watakwenda kwingine. Pwani ni ndefu hii."

"Kwingine wapi? Wamezoea hapa. Wana wiki moja tu kwa mwaka, Medforth, wiki moja! Mwaka mzima wanavuta vumbi la sufu. Umemsikia yule bwana anavyokohoa? Mke wake angevunjika moyo. Mwanamke mwema vile."

"Kwa hiyo?"

"Kwa hiyo nitakwenda mwakani. Au mwaka wa pili yake."

Mimi nilikuwa na miaka tisa na sikuwa mpumbavu. Nilisimama na jagi langu nikaona jambo lote waziwazi, na nilifurahi hadi nikataka kurukaruka. Watu wazima walikuwa wamejifungia chumbani na funguo zimo mifukoni mwao, na mimi ndiye ninayejua. Nikaamua kuwapa zawadi wakati wa chai.

Nilingoja hadi keki ibaki kipande kimoja. Baba alikuwa anakisukuma kwa Bi. Tranmer, Bi. Tranmer anakisukuma kwa mama.

"Bibi Tranmer anataka kwenda Kanada," nikasema, "na sisi tunataka kwenda Skotlandi. Yeye haendi kwa sababu yetu na sisi hatuendi kwa sababu yake. Kwa hiyo kila mtu aende anakotaka."

Mama aligeuka mwekundu kuanzia shingoni.

"Maureen!"

"Lakini mama, ulisema umechoka na upepo."

"Sijasema kitu kama hicho! Bibi Tranmer, samahani sana, sijui mtoto huyu anayatoa wapi. Skotlandi! Sisi! Hebu nitazame mimi, napanda mlima kwa miguu hii?"

Bi. Tranmer akacheka, akapiga kiganja mezani. "Na mimi Kanada? Bahari yote ile? Hata kwenye mtumbwi wa bwawa la bustani ya mji nimewahi kutapika! Mwanangu, mimi naishi kwa ajili ya mwezi wa nane. Mwezi wa nane ndio mwaka wangu."

"Na sisi pia," mama akasema haraka. "Tunaanza kuhesabu tangu Krismasi. Siyo, Arnold?"

Baba alinitazama mimi kwanza. Kisha akalitazama birika.

"Chai hii imekolea vizuri leo," akasema.

Nikaambiwa niombe radhi, nikaomba. Nikapelekwa kulala, jua limetoka sasa baada ya mvua zote zile, watoto wengine nikiwasikia ufukweni. Nililia kwa hasira. Nilikuwa nimesema kweli tupu, na wote wanne mezani walijua ni kweli, hata Trevor aliyekuwa na miaka sita. Wakaipokea, wakaifunika na kitambaa cha meza, wakaendelea kunywa chai.

Kesho yake asubuhi mama alimfuata Bi. Tranmer barazani. Ilikuwa desturi kuomba wiki ya mwakani kabla ya kuondoka. Safari hii, ili pasibaki shaka yoyote, mama aliomba ya mwakani na ya mwaka wa pili yake kwa mpigo.

"Miaka miwili!" Bi. Tranmer akasema.

"Miwili," mama akasema, akitabasamu kwa nguvu. "Tusije tukapokonywa na wengine."

Hakukuwa na wengine.

Mwaka uliofuata joto lilikuja ambalo halijawahi kuonekana pwani ile. Lami iliyeyuka barabarani. Tulifika tumeloa jasho, baba amevua hata tai, akabisha hodi. Bi. Tranmer akafungua mlango akiwa na gauni lake la maua la siku zote, aproni nyeupe, na miguuni amevaa zile buti za Kanada.

Mnaona? Mwanamke amesimama mlangoni mwezi wa nane, jasho linamtiririka kwenye mashavu, amevaa manyoya ya kondoo hadi magotini, na watu wanne wanampa mkono na kuongea naye habari za treni na maziwa.

"Zinaonekana za joto hizo, Bibi Tranmer," baba alisema hatimaye, tulipokuwa tunapandisha masanduku.

"Za joto kweli, Bwana Sugden," akajibu.

Tukaishia hapo. Chumbani mama alinong'ona kwamba huenda ana maradhi ya miguu na mtu hamuulizi mwenzake mambo ya miguu yake. Mimi nilifungua mdomo, mama akaninyooshea kidole. "Wewe nyamaza. Mwaka jana ulituaibisha vya kutosha." Nikanyamaza. Wiki nzima nilizisikia zile buti zikivutwa sakafuni jikoni, nzito, asubuhi na jioni. Alitupikia kama siku zote. Keki ilikuwepo. Aliketi nasi, alicheka pale pa kuchekwa, akamuuliza Trevor habari za shule. Ila pale kando ya kabati la vioo palikuwa na mahali pawili ambapo zulia halikufifia, na picha ya Ken na Lorraine haikuwa juu ya kabati tena. Sote tuliona. Sote tulijifanya hatukuona.

Ijumaa baba alikwenda kwa Mzee Medforth kununua kaa wa kuaga nao, nami nikamfuata.

"Bibi wa watu amejikaza," Medforth alisema, akichagua kaa kwenye sanduku. "Nilimwambia awaandikie msije mwaka huu. Hakutaka hata kusikia."

"Amejikaza na nini?" baba akauliza.

Medforth akaacha kaa. Alimtazama baba, akanitazama mimi, kisha akaitazama bahari kana kwamba ndiyo ingemsaidia.

"Hajawaambia? Ken. Mwezi wa tatu. Walikuwa wakivuka ziwa na magari wakati wa baridi, kule maji yanaganda yanakuwa barabara. Safari hiyo barafu ilikuwa imeanza kulainika. Lori likazama naye."

Baba alirudi bila kaa. Alitembea mbele yangu haraka, akikohoa, na sikumwona uso.

Jua lilikuwa bado halijazama mama alipogonga mlango wa jikoni, na kabla hajaitikiwa akaingia. Mama yangu aliingia jikoni mwa watu. Mimi na baba tulibaki mlangoni. Picha ya Ken ilikuwa pale, juu ya rafu ya akina Sugden, katikati ya siagi yetu na mayai yetu, mahali ambapo angeiona kila alipotupikia. Bi. Tranmer alikuwa amekaa kwenye kiti, mikono mapajani. Alipotuona alitaka kusimama.

"Mmekosa maji ya moto?"

"Kwa nini hukutuambia?" mama akasema.

Bi. Tranmer aliketi tena, polepole. "Medforth," akasema. "Mdomo wake ule." Kisha akasema, "Mna wiki moja tu kwa mwaka, Mama Maureen. Ningewaharibia."

Mama alilia. Sikuwa nimewahi kumwona mama analia mbele ya mtu asiye wa nyumbani. "Mtoto alisema kweli mwaka ule," alisema. "Tulikuwa tunataka Skotlandi. Miaka yote. Tulikuja kwa ajili yako wewe. Tulidhani ukituona hatuji..."

"Najua. Nilimsikia mtoto. Si sote tulimsikia?" Hakuwa na hasira sautini, na hilo ndilo lililoniuma zaidi. "Jioni ile ile nilishusha sanduku kutoka juu ya kabati. Nikaanza kukunja nguo. Nikasema, basi, wale wanataka milima yao, na mimi nimfuate mwanangu mwaka huu huu, awe na nafasi au asiwe nayo, mtoto ametufungua. Kulipokucha ukaja barazani ukaniomba miaka miwili. Nikajiambia nimekosea, kumbe wanapenda kuja kweli. Nikalirudisha."

Mama alijishika mdomo. "Niliomba ili usijisikie vibaya."

"Najua, mpenzi. Sasa najua."

Hatukuwa watu wa kukumbatiana. Mama alisimama pale hajui aweke wapi mikono yake, na macho yake yakaangukia zile buti.

"Mbona umezivaa, Bibi Tranmer? Kwenye joto hili?"

"Nilimwambia nitazivaa siku ya kwenda," akasema. "Sasa pa kwenda hapapo. Nikaona nizivae tu."

Basi mama alipiga magoti kwenye sakafu ya jikoni, akaishika buti ya kwanza kisigino, akaivuta. Haikutaka kutoka. Baba akaja akashika kiti kwa nyuma. Ilipotoka, mguu ulikuwa umevimba, mwekundu, soksi imegandamana na ngozi. Mama akavua na ya pili. Akamimina maji baridi kwenye beseni la kuoshea vyombo, akaiosha ile miguu kwa mikono yake, taratibu, kidole kwa kidole, na Bi. Tranmer akamwachia. Ndipo alipolia yeye. Alilia kwa sauti, kichwa kimeinama, kama mtu anayetapika, na baba amekishika kile kiti kana kwamba kikiachiwa kitaondoka.

Tuliendelea kwenda Skelby. Mwaka ule wa pili tuliouomba tulikwenda, na mwingine, na mingine baada yake. Sasa ulikuwa ukweli: hakuwa na mtu mwingine. Yvonne, mkwe wake, aliolewa tena, na Lorraine akakua huko na jina la baba wa kambo. Buti zilirudi kando ya kabati, hazikupanguswa tena. Baba alifariki kifua kikiwa kimemwisha, na milima ya Skotlandi hakuiona isipokuwa kwenye bati lake la biskuti. Nilipokwenda kiwandani kuchukua vitu vyake niliukuta mfuniko bado kwenye msumari, umeng'arishwa pale penye mlima kwa sababu ya kupanguswa vumbi.

Mara ya mwisho nilikwenda na mama tu. Nilikuwa mtu mzima, nafanya kazi, nina mchumba. Uzio ulikuwa umefika kwenye ngazi ya mlango wa jikoni, na baada yake hakuna kitu. Halmashauri ilikuwa imemwambia Bi. Tranmer ahame kabla ya baridi, na mahali pake palishapatikana kwenye nyumba ya wazee mjini, chumba kimoja, hakuna jiko. Alikuwa amezeeka sana lakini alisisitiza kuoka. Safari hii tulikunywa chai jikoni, sote watatu, karibu na dirisha, na ungeweza kusikia udongo ukidondoka kule chini wakati wa mazungumzo.

Keki ilibaki kipande kimoja. Mama alikitazama akatazama pembeni. Bi. Tranmer akaisukuma sahani hadi mbele yangu.

"Chukua, Maureen," akasema. "Katika meza zangu zote ni wewe peke yako uliyewahi kusema unachokitaka. Nakumbuka. Ulikuwa na mikia miwili ya nywele za kusuka na mdomo mkubwa. Chukua."

Tulikuwa tumesafiri tangu alfajiri. Nilikuwa na njaa, na ile keki niliipenda kuliko kitu chochote cha kuliwa duniani, na nilijua sitaiona tena. Nikafungua mdomo.

"Nimeshiba, asante, Bibi Tranmer," nikasema. "Chukua wewe."

Alinitazama. Hakutabasamu.

"Hata wewe," akasema.

Kisha akainuka, akishikilia meza, akaibeba sahani hadi mlangoni, akawatupia shakwe.